Kibali cha Kumshusha Farasi

Wakazi wote wa Kaunti ya Tarkett, jimbo la Wyoming, wanatangaziwa kwa furaha isiyo na kifani kwamba Serikali imelimaliza tatizo la farasi. Kuanzia Jumamosi ya pili ya mwezi wa Juni, familia yoyote inayosafiri na gari lake la kulala, watoto wake, mbwa wake na farasi wake haitahangaika tena kuchagua mahali pa kupiga kambi. Pameshachaguliwa. Mahali penyewe panaitwa Kambi ya Mfano ya Urafiki na Farasi. Pana lami, pana taa, pana maegesho ishirini na manne yenye namba, na pana mimi.

Naitwa Verlin Haugstad, Naibu Mkurugenzi wa Ofisi ya Urafiki na Farasi. Naandika maelezo haya kwa sababu kuna maneno ya mitaani yamezagaa kuhusu siku ya uzinduzi, mengine yakinitaja kwa jina, na mimi si mtu wa kuacha maneno yazagae bila kumbukumbu rasmi.

Kambi hii haikuzuka tu. Iliundwa Kamati ya watu tisa, ikakaa miezi kumi na minne. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwa na farasi, na hilo lilifanywa makusudi ili kuepuka mgongano wa maslahi. Mjumbe mmoja alikiri kuwa aliwahi kupanda farasi akiwa mdogo. Tulimshukuru kwa uaminifu wake, tukawa tunamtoa nje kila mada ya farasi inapofikiwa. Alikaa kwenye korido miezi kumi na minne.

Matunda ya kazi hiyo ni Kanuni za Urafiki, kurasa mia moja na kumi. Ninayoipenda zaidi ni Kanuni ya Kumi na Nne, kwa sababu niliitunga mimi. Inasema kila gari lenye trela litaingia kwenye maegesho yake kwa kurudi nyuma, mpaka magurudumu ya trela yaguse kizuizi cha saruji, pua ya gari ikielekea njiani. Hivyo ndivyo tunavyoegesha makao makuu, ili moto ukitokea watumishi watoke haraka. Tangu tuanze utaratibu huo hakuna mtumishi aliyeungua. Nyuma ya kila kizuizi tukajenga ukuta wa mawe, mrefu na wa kupendeza, na ubavuni tukasimika nguzo ya chuma yenye kibao kilichoandikwa KARIBU FARASI.

Kulikuwa na kambi nyingine kabla, ile ya Kijito cha Alder, maili nne kutoka kwetu. Mimi sipendi kusema watu vibaya, kwa hiyo nitasema ukweli tu. Ilikuwa uwanja wa majani. Gari linaingia upande huu na kutokea upande ule. Kuna kamba ndefu zimefungwa juu kati ya miti ya mipopla, farasi wanafungwa hapo kivulini, na maji yao wanakunywa kijitoni. Haina lami, haina namba, haina hata kibao cha kumkaribisha farasi. Mlinzi wake, mama mmoja anayeitwa Marlys Ekdahl, ameikalia miaka kumi na tisa bila kujaza fomu. Na kwa kuwa Kanuni ya Tatu inakataza kambi mbili za farasi kuwa wazi ndani ya maili kumi, moja ilibidi ifungwe. Tulifikiria kwa kina ipi. Mwezi wa Mei tukatia mnyororo getini kwa Marlys.

Siku tatu kabla ya uzinduzi, simu ilinilia ofisini. Alikuwa Lorna Satterlee wa Bonde la Chini, mke wa Kip, mtu anayekarabati trekta.

"Verlin, nataka unijibu kama binadamu," alianza. Nilisoma na dada yake, ndiyo maana ana mdomo. "Tunataka kwenda kambi Ijumaa mpaka Jumapili. Mimi, Kip, watoto na Baba mkwe. Tulizoea Alder, mmeifunga. Sasa hiyo yenu, ikoje?"

"Ni rafiki kwa farasi," nikasema.

"Rafiki vipi?"

"Kwa mujibu wa Kanuni."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Haya. Trela yetu na pikapu ni futi hamsini. Naingia upande mmoja natokea mwingine, au narudi nyuma?"

"Unarudi nyuma, hadi kizuizini."

"Na mlango wa trela wa kumtolea farasi uko wapi, Verlin?"

Niliomba dakika moja, nikafungua Kanuni. Neno mlango halikuwemo. Nikamjibu kwamba suala la milango lipo chini ya Idara ya Majengo.

"Maji je? Farasi wetu Mabel hanywi maji yenye dawa, hata umchanganyie juisi ya tofaa. Atakauka akiangalia ndoo."

"Maji yetu yamethibitishwa na maabara."

"Mabel hasomi karatasi za maabara, kaka."

Hapo sauti yake ikabadilika, na sitaficha kwamba nami nilikaa vizuri kwenye kiti. Akaniambia Mzee Orville, baba wa Kip, anafanyiwa upasuaji wa nyonga Jumanne. Nyonga zote mbili. Daktari amemwambia wazi kuwa baada ya hapo, farasi basi. Ana miaka sabini na nane, na amekuwa akimpanda Mabel tangu farasi huyo ana miaka miwili. Anataka siku moja tu juu ya mgongo wake, apande njia ya kijito hadi malisho ya juu, arudi. Nyumbani kwao hakuna njia, wamezungukwa na nyaya za mashamba ya watu.

"Wikiendi hii ikipita, imepita," alisema Lorna. "Sikuombi lami. Nifungulie ule mnyororo."

Nilimweleza kwa upole kwamba mnyororo huo umefungwa na Mkurugenzi na unafunguliwa na Mkurugenzi. Nikamhakikishia kuwa kwetu atapata huduma bora, nikampa egesho namba mbili, la heshima, jirani kabisa na namba moja ya Mkurugenzi mwenyewe. Ila si Ijumaa, kwa sababu kambi haiwezi kutumika kabla haijazinduliwa. Aje Jumamosi asubuhi.

"Mmetukata siku nzima," akasema.

"Karibuni sana," nikajibu, nikakata simu.

Jumamosi kulikuwa na jua zuri. Bendi ya shule ya sekondari ilikuja na tarumbeta zake, waandishi wawili wa magazeti walikuja, na Marlys Ekdahl alikuja pia, maana tulimwalika apokee cheti cha kumshukuru kwa kufungiwa kambi. Alisimama mwisho wa watu, mikono mifukoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Brice Dunleavy, alikuwa amepanga tukio kubwa. Ofisi ilimkodia farasi mweupe na trela ya farasi wawili. Yeye angepanda ndani ya trela pamoja na farasi kwenye kona ya mwisho ya barabara, gari lingeegeshwa namba moja mbele ya watu, bendi ingepiga, mlango ungefunguka, naye angetoka akimshika farasi kamba, kwa mwendo wa mtu aliyezaliwa zizini. Alinunua buti mpya kwa ajili hiyo. Ana mpango wa kugombea useneta wa jimbo.

Saa tatu kamili gari lake likaingia. Dereva akapiga rivasi vizuri ajabu, kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne, hadi magurudumu yakagusa kizuizi. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Wakati huohuo, jirani yake namba mbili, familia ya Satterlee ilikuwa tayari imeshindwa. Kip alikuwa amerudi nyuma hadi kizuizini, akashuka, akazunguka, akasimama kati ya trela na ukuta. Nafasi iliyobaki ilimtosha yeye akiwa amevuta tumbo.

"Lorna!" aliita. "Njoo uone maajabu. Mlango unafunguka kiganja kimoja."

"Labda Mabel ajikunje kama barua," Lorna akajibu.

Mzee Orville alikaa kiti cha mbele cha pikapu, fimbo kati ya magoti, anatazama. Ni mzee mrefu, mkavu, mwenye masharubu meupe. Nyuma, Mabel alikuwa anapiga teke ukuta wa trela, taratibu, kwa kuhesabu.

"Tunaondoka," Kip akasema. Akapanda, akawasha, akatoka namba mbili na kukata kona. Pikapu na trela, futi zote hamsini, zikawa zinapita mbele ya pua ya gari la Mkurugenzi. Hapo ndipo nilipotimiza wajibu wangu. Kanuni ya Ishirini inakataza gari lolote kuondoka wakati wa shughuli rasmi bila kibali cha Mkurugenzi. Nikasimama katikati ya njia, nikanyoosha mkono, wakasimama hapohapo.

"Basi tumshushie farasi hapahapa njiani," akasema Lorna dirishani. "Atembee mwenyewe kwa miguu yake."

"Kumshusha farasi njiani ni kosa."

"Na kumshusha kwenye egesho?"

"Si kosa. Haiwezekani tu."

Nikaandika Notisi ya Kusubiri: gari lisisogee, farasi asishuke, mpaka kibali kisainiwe. Alitakiwa kusaini mkuu wa familia. Mzee Orville akanyoosha mkono, akaisoma yote, mbele na nyuma, akasaini kwa herufi kubwa. Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Bendi ikaanza.

Tarumbeta zilipiga wimbo wote. Watu wakatazama upande wa trela nyeupe. Tukasikia kitu kimegonga ukuta. Kikagonga tena. Bendi, kwa nidhamu, ikarudia wimbo.

"Verlin!" Sauti ilitoka kwenye vile vipenyo vya hewa vya ubavuni. "Mlango umefanya nini?"

Nikakimbia nyuma ya trela. Mlango ulikuwa umefunguka kiganja kimoja, ukakutana na ukuta wa mawe mrefu na wa kupendeza. Nikaenda kwenye mlango mdogo wa ubavuni. Ulikuwa umekutana na nguzo ya KARIBU FARASI.

"Bosi," nikasema kupitia vipenyo, "nakujulisha rasmi kwamba egesho limefanya kazi kama lilivyosanifiwa."

"Nitoe humu! Huyu mnyama amenikanyaga! Amefanya na kile kitu kingine, Verlin, kwenye buti!"

Dereva alisema apewe nafasi ya futi sita tu mbele. Mbele yake ilikuwapo trela ya Satterlee. Nikamwendea Mzee Orville, nikamwomba kwa heshima zote wasogee.

"Kusogea wapi, mwanangu?" Akafungua kifungo cha mfuko, akatoa karatasi. "Hapa imeandikwa gari lisisogee. Nimesaini mimi. Nimeishi miaka sabini na nane bila kuvunja sheria ya kaunti, sianzi leo nikiwa na nyonga mbovu."

"Mzee, hii ni dharura."

"Hata mimi nina yangu. Jumanne saa moja asubuhi."

Watu wakaanza kucheka. Mwandishi mmoja alishachuchumaa kando ya trela nyeupe, anapiga picha za vidole vya Mkurugenzi vilivyotokeza kwenye vipenyo. Nilifikiria haraka. Wengine wangeitupa hiyo karatasi. Lakini notisi ilikuwa halali, nimeiandika mimi, na ingeondolewa kwa kibali tu. Nikachomoa fomu ya kibali, nikasimama pembeni ya trela, nikaanza kuijaza kwa sauti.

"Sababu ya kuondoka?"

"Farasi hawezi kushuka," akasema Lorna, ambaye alikuwa amenifuata.

Nikaandika.

"Mnakoelekea?"

"Kijito cha Alder."

"Alder imefungwa. Fomu haikubali mahali palipofungwa."

"Basi andika sehemu isiyofungwa ambako Baba anaweza kupanda farasi leo hii. Taja moja, Verlin. Wewe ndiye ofisi."

Nilisimama na kalamu hewani. Nimetumikia umma miaka ishirini na mbili na hakuna swali lililowahi kunitoa jasho kama hilo. Nilimtazama Mzee Orville dirishani. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amegeuka nyuma, anamsikiliza farasi wake akipiga teke, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayehesabu saa. Niliona aibu. Naandika hili wazi kwa kuwa maelezo haya ni rasmi.

"Alder ifunguliwe, basi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza. "Kuna fomu."

"Fomu gani, mpumbavu wewe!" Mkurugenzi alikuwa anapiga ukuta. "Leta nisaini! Leta zote!"

"Bosi, ni haki yako kusomewa kwanza. Fomu ya kufungua Alder inasema, kwa kuzingatia Kanuni ya Tatu—"

"Nimesema leta!"

Nikazikunja fomu tatu nyembamba, nikazipitisha kwenye vipenyo pamoja na kalamu. Ndani tukasikia farasi anakoroma, Mkurugenzi anatukana, karatasi inakwaruza. Zikarudi moja moja, zimesainiwa, ya mwisho ikiwa na doa ambalo sitalieleza. Nikagonga mihuri yangu juu ya boneti.

Kisha, kama sheria inavyotaka, nikazisoma hadharani. Ya kwanza ilimruhusu Mzee Orville Satterlee kuondoka, kwa sababu farasi hawezi kushuka. Ya pili iliifungua kambi ya Kijito cha Alder mara moja na kumrudisha Marlys Ekdahl kazini. Ya tatu, ambayo huambatana na ya pili kwa ajili ya zile maili kumi, iliifunga Kambi ya Mfano ya Urafiki na Farasi pamoja na ofisi yake, kwa tamko la Mkurugenzi mwenyewe, aliyeikagua binafsi kutoka ndani ya trela na kuthibitisha kuwa haifai kwa farasi.

"Soma hiyo ya mwisho tena," mwandishi akaomba. Nikasoma tena.

Bendi, ambayo haikuwa imeambiwa vinginevyo, ikapiga.

Kip akasogeza gari. Hakuenda mbali, alisubiri kwa uungwana hadi trela nyeupe ivutwe mbele futi zake sita na mlango ufunguke. Farasi akatoka kwanza. Mkurugenzi alimfuata, kofia imebanwa upande mmoja, buti mpya zimebadilika rangi. Alifungua mdomo kuhutubia. Watu walikuwa wamempa mgongo, wanakimbilia magari yao. Familia nane zilizokuwa zimepanga foleni getini na trela zao ziligeuza, moja baada ya nyingine, zikamfuata Marlys kuelekea Alder. Waandishi nao wakaenda.

Kwa hiyo na sisi tukaenda. Mwanasiasa hawezi kukaa mahali pasipo na kamera.

Tulipofika, mnyororo ulikuwa majanini na trela zimeshajipanga, kila moja imeingia upande huu, mlango wazi, farasi nje. Marlys alimwona Mkurugenzi akipita na kumwendea mwandishi. Akamkatiza njia, akampa uma wa kuzolea mavi.

"Hii ni ya nini, mama?"

"Trela yako imechafuka. Hapa aliyemleta farasi ndiye anayezoa. Jaji mmoja alizoa, mchungaji alizoa, marehemu mume wangu alizoa akiwa na homa. Rundo liko kule nyuma ya mipopla. Chai baadaye."

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu mwenye mavi mpaka kwenye goti. Shika."

Akashika. Kulikuwa na kamera.

Kip na Lorna walimtoa Mabel, jike la kahawia lenye kijivu usoni. Likainamisha kichwa kijitoni, likanywa muda mrefu mno hata watoto wakaanza kuhesabu mafunda. Wakaliweka tandiko. Mzee Orville akasimama juu ya gogo, Kip akamshika kiuno, Lorna akamshika mguu. Aliuma masharubu kwa maumivu, machozi yakamtoka, halafu akawa yupo juu. Alikaa hivyo kidogo, viganja viwili juu ya shingo ya farasi wake, na ninakiri kwamba nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipotupa uma na kuja mbio, mwandishi nyuma yake. Alimshika Mabel hatamu.

"Mzee wangu, hongera sana! Sasa hebu shuka dakika moja tu. Nipande mimi, tupigwe picha, wananchi waone tulivyokufungulia kambi. Dakika moja."

Lorna alitaka kuruka. Mzee Orville akamzuia kwa kidole. Akamtazama Mkurugenzi kutoka juu, kuanzia kofia hadi buti, bila haraka.

"Nishuke?" akauliza. "Una kibali?"

Mkurugenzi akanigeukia, amewiva uso. "Verlin! Mwandikie kibali!"

Nilisimama wima, kama inavyonipasa mbele ya mkubwa wangu.

"Haiwezekani, bosi," nikasema. "Ofisi ilifungwa saa tatu na nusu. Umesaini mwenyewe."

Akaachia hatamu. Mzee Orville akanisalimu kwa kugusa ukingo wa kofia, akambana Mabel kidogo kwa magoti yale mabovu, wakavuka kijito na kushika njia ya malisho ya juu. Marlys aliokota uma, akauweka tena mkononi mwa Mheshimiwa.